Kifaa Chenye Miguu Minane

Mkurugenzi wetu alipenda vitu ving'ae. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa, bizimu ya mkanda wake ilikuwa inang'aa, na gari lake lilioshwa hata siku za mvua. Wafanyakazi wa makumbusho walimwita Bwana Mng'aro, kwa kunong'ona, na nadhani alijua, wala sidhani kama ilimkera. Sasa mtu wa namna hiyo ukimkabidhi chumba kizima cha vyombo vya sayansi vya zamani, shaba imepauka, imekuwa na rangi ya chai ya jana, unategemea atataka nini? Alitaka ving'ae.

Mpwa wangu hakutaka. Ugomvi ulianzia hapo.

Huyu ni binti wa dada yangu, na kazi yake pale makumbusho ni kutafuta habari za vyombo hivyo: kila kimoja kimetengenezwa na nani, kimetumiwa na nani, kilivunjika wapi, kikaungwa kwa gundi gani. Akishajua ndipo anawaambia wenzake hiki kifuteni, hiki kiacheni, hiki msikipumulie. Kuuliza hakukumwanzia kazini. Alipokuwa mdogo dada yangu akimtuma chumvi jioni, chumvi inafika watu wameshakula, kwa sababu alikuwa anamhoji muuza duka jinsi mizani inavyojua uzito. Pale kazini wanamwita Bi Maswali. Mimi nimezurura sana maishani, useremala nimejifunza nusu mji huu na robo mji ule, na ni yeye aliyenishika mkono akanileta pale niwe fundi wa masanduku. Kila chombo kina sanduku lake la kulalia, na sanduku nalitengeneza mimi.

Kilichogombaniwa kilikuwa darubini ya wapima ardhi. Si ile ndefu ya kutazamia nyota. Hii ni fupi, imekaa juu ya sahani ya shaba yenye namba za pembe kuzunguka ukingo, na chini ina miguu mitatu ya mbao. Mpima anachungulia, anaona mlingoti ulio mbali huko, na katikati ya anachokiona pana msalaba wa nyuzi mbili nyembamba. Pale nyuzi zinapokatana ndipo kipimo kilipo. Ukiondoa msalaba, umebaki na bomba la kuchungulia majirani.

Katika hii yetu uzi wa kulala ulikuwepo. Wa kusimama ulikuwa umekatika zamani, umepotea.

Asubuhi moja mkurugenzi aliingia karakana ya uhifadhi, akaitazama ile darubini juu ya meza, akaguna.

"Hii nayo kama imefukuliwa kaburini."

"Hiyo ni vanishi yake ya tangu kiwandani, mkurugenzi," mpwa akamwambia. "Ukiisugua, hairudi. Na hizi namba zimechongwa juu juu tu. Fundi wako akipita hapa na dawa yake ya kung'arisha, tutabaki na sahani ya kulia wali."

"Fundi wangu ana mkono mwepesi."

"Hadubini pia aliisugua kwa mkono mwepesi."

Hapo mkurugenzi alikohoa. Hadubini ile ilitoka kwetu ikiwa ya kahawia, na jina la mtu aliyeiunda limechongwa kwa mwandiko wa mkono chini ya kitako. Ilirudi inang'aa kama sufuria ya harusi, jina limefutika lote. Hadi leo imewekwa ukumbini na hakuna ajuaye ni ya nani. Mpwa wangu huwa anapita mlango wa nyuma asiione.

"Haya," mkurugenzi akasema. "Lakini nifungue ukumbi mpya kwa darubini yenye nusu msalaba? Fundi anakuja wiki ijayo na gari lake. Ataing'arisha na ataweka kioo kipya kilichochorwa msalaba. Imekwisha."

"Tujue kwanza uzi huu ni wa kitu gani."

"Uzi ni uzi."

"Uzi wa nini? Hariri? Waya? Ulikuwa humo tangu mwanzo au kuna mtu aliutia baadaye?"

Mkurugenzi akavuta kiti, akakaa, jambo ambalo si kawaida yake maana suruali yake huwa imepigwa pasi ya hatari.

"Sikiliza, Bi Maswali," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo mbele yake. "Niambie uzi huu ni wa nini, tena kwa hakika. Kisha nitilie mwingine wa aina hiyo hiyo, nichungulie, nione msalaba mzima. Ukiweza, hakuna atakayeigusa shaba hii. Ukishindwa, inapanda gari."

Akainuka, akajipangusa suruali, akaenda zake. Mpwa akanigeukia.

"Mjomba, umesikia?"

"Nimesikia. Nitengeneze sanduku la safari au la kulala?"

"La kulala," akasema kwa hasira. "Na usinitanie."

Alianza na karatasi, kama kawaida yao. Karatasi zilikuwa na habari za bei na za miguu ya mbao, lakini kuhusu uzi zilisema uzi. Akaona heri atafute watu. Darubini ile ilitoka ofisi ya upimaji ardhi, na mpima wa mwisho kuitumia alikuwa bado hai, amestaafu, anaishi na mkewe mtaa wa pili kutoka sokoni. Tukaenda wote wawili, mimi nikiwa nimebeba mkoba, kwa sababu mpwa akifikiri husahau mikoba njiani.

Nyumba yao ungeijua tu kuwa ni ya mpima. Makopo ya maua yalikuwa yamepangwa mstari mmoja kutoka getini hadi mlangoni, na kamba ya kuanikia nguo imekazwa hadi inatia woga. Mzee alitupokea vizuri. Mkewe alikuwa kibarazani anachambua mchele.

"Uzi wa ile darubini?" mzee akasema, akajiweka sawa kitini. "Ule ni unywele wangu."

Mkewe hakuinua macho kwenye ungo. "Unywele wako upi?"

"Wa kichwani."

"Kichwa kipi? Mimi nimeolewa na kipara. Picha ya harusi ile pale ukutani, mwache mgeni aende akaangalie."

"Nilikuwa na nywele kabla sijakujua."

"Basi zilikimbia ziliponiona. Mwanangu, andika hivi: unywele ni wangu. Alinikata nikiwa nimelala, siku ile uzi wao ulikatika wakiwa kazini. Niliamka kisogo kama cha kuku anayetotoa."

"Ulinipa kwa hiari yako!"

"Nilikupa mkono wa ndoa. Nywele hazikuwemo."

"Mke wangu, mbele ya wageni?"

"Wageni wamekuja kutafuta ukweli, si ndiyo kazi yao?"

Mimi nilicheka hadi nikamwaga chai. Mpwa aliandika kila neno, uso mkavu kabisa. Mwisho akawaomba kila mmoja ampe unywele mmoja wa mfano. Bibi akafungua kitambaa akang'oa wake. Kisha akainuka, akamwendea mumewe, akamchomoa mmoja sikioni.

"Chukua na huu," akasema. "Msitu umebaki huko tu."

Njiani nikamwambia mpwa, "Mimi nipo upande wa yule mama."

Yeye akasema, "Wanagombana vizuri mno, mjomba. Umeona kuna hata mmoja aliyemkatiza mwenzake?"

Kesho yake aliweka unywele wa bibi chini ya hadubini yetu ya kazi, kando ya kipete cha ndani ya darubini chenye uzi wa zamani, bila kuugusa uzi wenyewe. Akaniita nichungulie. Unywele ulikuwa kama kamba ya kufungia ng'ombe. Uzi ulipita pembeni yake kama alama ya kalamu iliyoishiwa wino. Wa sikioni ulikuwa mnene zaidi, naona aibu hata kuusimulia. Akajaribu uzi wa hariri kutoka kwenye skafu ya dada yangu: mnene. Waya mwembamba kuliko wote wa ndani ya redio mbovu: mnene, tena uling'aa vingine.

Akakaa. Akang'ata kucha. Kisha akaniuliza kwa upole, na upole wake naujua, ni wa kumwingiza mtu mjini.

"Mjomba, karakana yako ina utando wa buibui?"

"Unasema mimi mchafu?"

"Nakuomba msaada tu."

"Dirisha la nyuma," nikasema. "Lakini uliza vizuri."

Alirudi na kipande cha utando kwenye kijiti. Mwingi wake ulikuwa na vitone vya gundi, kama shanga. Lakini ulikuwepo uzi mmoja mkavu, laini, ule buibui anaojining'iniza nao akishuka, na huo alipouweka kando ya uzi wetu, niliangalia nikashindwa kusema upi ni upi. Mpwa aliniwekea mkono begani, akafinya. Dada yangu pia hufinya hivyo akishinda karata.

Tulirudi kwa mzee. Safari hii mpwa hakuuliza; alisema.

"Baba, si nywele. Si zako, si za mama. Ni buibui."

Bibi aliacha mchele. Mzee akamtazama mkewe, mkewe akamtazama yeye, kisha mzee akaangua kicheko, akacheka hadi akakohoa, bibi akawa anampiga mgongoni naye anacheka.

"Miaka yote!" mzee akasema akijifuta macho. "Tumeucheza mchezo huu mbele ya wahandisi, mbele ya mawaziri, mbele ya wakwe. Hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kutuambia ni uongo. Mama yangu, wewe ni nani?"

Ndipo akatueleza. Wapima wote wa zamani walijua, na wote walidanganya. Mtu wa nje akiuliza habari za uzi, unasema unywele, na kila mpima anachagua wa nani. Mwenzake mmoja alikuwa akisema ni sharubu la mama mkwe, tena akisimulia hadi alivyolipata.

"Sasa fikiria," mzee akasema. "Mimi mgeni, naingia shambani kwa watu na bomba la shaba, nachungulia mipaka yao. Tayari wananitazama vibaya. Halafu waone natoa kiberiti mfukoni, ndani yake mna buibui hai! Nani angenielewa? Ningefukuzwa na mapanga. Unywele wa mke kila mtu anaucheka, na mtu akishacheka haulizi tena."

"Huyu ameuliza," bibi akasema, akimtazama mpwa wangu kwa jicho la kumpenda.

Mzee akamfundisha vizuri. Usichukue utando, una gundi na vumbi. Mtafute buibui mwenyewe, mwache ashuke kwa uzi wake, na anaposhuka wewe unauzungusha kwenye uma wa waya uliopindwa. Mwache ashuke sana, maana mwanzoni uzi huwa unakunjamana. Chagua kipande kilichonyooka, kilaze kwenye mfereji wa pete, dondosha tone la vanishi kila upande. "Ningekuja mwenyewe," akasema akionyesha mikono yake inayotetemeka, "lakini leo ningekufunga pua na darubini pamoja."

Basi tukajua. Kazi ikabaki kupata buibui na kumlaza makumbusho, na hapo ndipo tulipokutana na Mama Dawa.

Mama Dawa ni mtunza ghala. Jina lake linatokana na dawa ya wadudu. Kwake yeye dunia ina vitu viwili: vyombo, na vinavyokula vyombo. Ameweka mitego ya gundi kila pembe, anajua idadi ya mende waliokufa kila chumba, na ameandika mlangoni kwa herufi kubwa: HAKUNA KIUMBE HAI KUINGIA. Mimi wiki yangu ya kwanza nilisoma nikasita. Nikadhani na mimi nimo.

Nilitengeneza kisanduku kidogo chenye matundu, mfuniko wa kioo. Ndilo sanduku pekee nililolitengeneza pale kwa ajili ya kitu kinachopumua. Tukakamata buibui wawili dirishani kwangu, tukawaingiza karakana ya uhifadhi chini ya koti la mpwa. Asubuhi nilifungua nikamkuta mmoja. Amenenepa.

"Mwingine yuko wapi?" mpwa akauliza.

"Mwulize huyu."

Aliyebaki akawa ndiye mfanyakazi wetu. Lakini hakufanya kazi. Tulimweka juu ya kijiti, akakimbilia mkononi mwangu. Tulimpulizia, akajikunja. Tulimtingisha kidogo, akashuka kidogo, akaona meza, akatulia pale kama mpangaji aliyeambiwa ahame. Mpwa alikuwa amepiga magoti, uma wa waya mkononi, anambembeleza: "Shuka, mama. Shuka kidogo tu, mzuri wangu." Mlango ukafunguliwa.

"Unaongea na nani?" Mama Dawa akauliza.

Nikaweka kofia juu ya buibui. Sijui kwa nini nilidhani itasaidia. Kofia ilikuwa na tundu, naye akatoka kupitia hapo, taratibu, mguu kwa mguu.

Mama Dawa alimtazama. Akatutazama. Sauti yake ilikuwa ndogo sana, na ndiyo iliyoniogopesha.

"Mnafuga. Ndani ya makumbusho yangu. Mnafuga."

"Mama, ngoja nikueleze," mpwa akasema.

"Fundi, wewe mtu mzima. Mvi zote hizo."

"Mimi ni wa masanduku tu," nikasema.

"Sheria yako inasema nini, mama?" mpwa akauliza. "Si inasema wadudu waharibifu na viumbe visivyo na kazi?"

"Inasema kiumbe hai."

"Mlangoni ndiyo. Lakini ile ndefu uliyotusomesha wote, ile ya kurasa nyingi, inasema kinachoharibu mkusanyo. Huyu anaharibu nini? Anakula wanaoharibu. Na hapa hayupo kama kiumbe. Yupo kama kifaa."

"Kifaa?"

"Kifaa cha uhifadhi. Kama brashi. Kama kibanio. Uzi wa darubini hii ulitoka tumboni mwa mwenzake, na nimethibitisha. Bila yeye, Bwana Mng'aro anaipeleka kusuguliwa, kama ile hadubini."

Kumbe ile hadubini ilimuuma Mama Dawa pia. Yeye ndiye aliyeipokea iliporudi. Alivuta pumzi ndefu puani. Kisha akasema, "Kifaa kisichoandikishwa hakikai karakana ya uhifadhi."

"Basi mwandikishe," mpwa akasema.

Tulidhani Mama Dawa anatania. Alitoka, akarudi na kibandiko kilichopigwa chapa kwa mashine, akakibandika juu ya kisanduku changu, akakilainisha kwa kidole gumba pembe zote nne. Kilisema: *Kifaa cha uhifadhi. Idadi: kimoja. Miguu: minane. Kisitolewe karakana bila idhini ya mtunza ghala.*

"Na asizae," akasema akiwa mlangoni. "Akizaa nawahesabu wote."

Siku ya gari ilifika na hatukuwa na uzi. Mpwa alikuwa na kila kitu kingine. Alikuwa amechongesha pete mpya ya shaba ya kukaa mbele ya ile ya zamani, ya skrubu mbili, ili uzi mpya ukae humo na ule wa zamani usiguswe kabisa. Atakayekuja baadaye akitaka kuuondoa, anafungua tu. Vanishi ilikuwa kwenye kifuniko cha chupa. Kibanio, uma wa waya, taa. Buibui peke yake ndiye aliyekuwa hajaamua.

Mkurugenzi aliingia na fundi wake wa kung'arisha. Fundi alikuwa mtu mnene, mpole, amebeba ndoo ya vitambaa, na alisalimia kila mtu hadi darubini.

"Naam," mkurugenzi akasema. "Uzi wa nini?"

"Wa buibui," mpwa akasema. "Njoo uone mwenyewe." Akamwonyesha hadubinini uzi wa zamani na ule wa dirishani kwangu, ubavu kwa ubavu, akamweleza wapima na uongo wao wa nywele. Mkurugenzi alichungulia muda mrefu. Aliguna, lakini guno lilikuwa la mtu aliyenaswa.

"Haya. Umejua. Mwingine uko wapi?"

"Yuko hapa." Mpwa akasogeza kisanduku.

Mkurugenzi akasoma kibandiko. Akakisoma tena. "Nani aliyeidhinisha hiki?"

"Mimi," Mama Dawa akasema kutoka mlangoni, mikono imekunjwa. Hakuna aliyejua alifika saa ngapi.

Mpwa akafungua mfuniko, akamchukua buibui kwa kijiti. "Tatizo ni moja, mkurugenzi. Anahitaji urefu. Mezani akishuka kidogo anafika chini, anaacha kazi. Anataka mtu mrefu amshike juu. Mimi mfupi. Mjomba mgongo umepinda."

"Haujapinda sana," nikasema.

"Umepinda, mjomba." Alinikazia macho. Nikaupinda zaidi kidogo.

"Fundi huyu je?" mkurugenzi akauliza haraka.

"Mimi naogopa buibui, bosi," fundi akasema bila aibu, akarudi nyuma na ndoo yake.

Chumba kizima kilimtazama mkurugenzi. Kweli alikuwa mrefu. Milangoni huwa anainama. Sasa, mtu aliyezoea kuonekana, ukimpa nafasi ya kuonekana mwoga mbele ya wafanyakazi wake, atafanya lolote isipokuwa hilo. Akavua koti. Akakunja shati.

"Nifanye nini?"

"Nyoosha mkono juu. Juu zaidi. Kidole kimoja. Hivyo hivyo. Na usitikisike, mkurugenzi, ukitikisika uzi unakatika."

Akaweka kijiti kwenye kidole. Buibui akapanda. Nilimwona mkurugenzi akifumba jicho moja, kisha la pili, kisha akafungua yote kwa sababu kutokuona kulikuwa kubaya zaidi. Buibui alitembea hadi kiganjani, akazunguka kifundo cha mkono, akaingia kwenye mkunjo wa shati.

"Ameingia," mkurugenzi akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Atatoka. Usihangaike."

"Anatembea."

"Anatafuta njia. Mzungumzie."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie ashuke."

"Shuka," mkurugenzi akasema. Kisha, kwa unyenyekevu: "Tafadhali."

Naapa alitoka. Alirudi hadi ncha ya kidole, akabandika uzi wake pale, akajiachia. Alishuka taratibu mbele ya uso wa mkurugenzi, mbele ya kidevu, mbele ya tai, na mpwa chini yake amepiga magoti anazungusha uma, anazungusha, anazungusha, hapumui. Fundi wa kung'arisha alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa. Mama Dawa alisogea hatua moja ndani, na kwa mara ya kwanza nilimwona akimtazama mdudu bila kutaka afe.

"Basi," mpwa akasema. "Umeweza, mkurugenzi. Shusha mkono."

Hakuushusha. "Umetosha? Nina nguvu bado. Chukua mwingine."

"Umetosha."

"Usije ukapungua baadaye."

Ikabidi Mama Dawa mwenyewe amchukue buibui kwa kijiti, amrudishe kwenye kisanduku, afunge. Mpwa akalaza uzi kwenye mfereji wa pete, akautega kwa kibanio, tone hapa, tone pale. Tukasubiri vanishi ikauke, na hakuna aliyetoka, hata fundi ambaye hakuwa na la kusubiri. Akafunga skrubu mbili. Akaisogeza darubini dirishani, akaielekeza ng'ambo ya barabara, akampisha mkurugenzi.

Alichungulia. "Limepinduka!" akasema. "Paa la posta liko chini!"

"Za zamani zote zinapindua. Wapima walizoea."

"Kuna mtu anatengeneza bati. Ananing'inia kichwa chini, hana habari." Alizungusha skrubu polepole, mdomo wazi kama mtoto. "Msalaba uko kwenye kofia yake. Katikati kabisa. Uzi wangu uko sawasawa kwenye kofia yake."

Tulisikia wote. Uzi wangu.

Fundi wa kung'arisha alikohoa. "Bosi, sasa hii naibeba au?"

Mkurugenzi aligeuka kwa ukali kama mtu aliyeombwa kumwuza mwanawe. "Ubebe nini? Unajua ndani mna nini humu? Hakuna kuigusa. Hakuna hata kuifuta vumbi mpaka Bi Maswali aseme. Wewe nenda kang'arishe vitasa vya milango. Na reli za ngazi. Vitasa vyote." Fundi alifurahi, vitasa havina miguu minane. Mkurugenzi akavaa koti, kisha akarudi kuchungulia tena, kisha akaondoka, na tukamsikia koridoni akimsimulia mhasibu, mkono ameunyoosha juu.

Tulipobaki wawili nilinyoosha mgongo wangu, ukalia. Nikaona nyuma ya mlango ngazi ya kupandia, ile ninayotumia kubadilishia taa, imesimama pale pale siku zote, ndefu kuliko mkurugenzi na mimi tukibebana.

"Mpwa," nikasema. "Buibui angeweza kushuka kutoka kwenye ile."

"Angeweza," akasema, akifuta kibanio.

"Tena vizuri zaidi. Ngazi haitetemeki."

"Haitetemeki," akakubali. Akaweka kibanio mahali pake, akazima taa ya meza. "Lakini ngazi haitii sahihi, mjomba. Na wiki ijayo kuna mtu mwingine atakuja kumshauri ang'arishe. Sasa akija, atamkuta ana uzi wake humo ndani."

Akaniomba nimalize sanduku. La kulala.